Ukoka Mpya na Siku Zake za Mwanzo

Katika maskani mapya ya miji yetu ya pwani, tangu Mbweni na Kigamboni hadi viunga vya Tanga na Mombasa, hakuna kazi ya bustani inayopendeza macho kwa haraka kuliko kutandika ukoka uliokatwa shambani pamoja na udongo wake; maana ua uliokuwa mchanga na vumbi asubuhi huwa kijani kitupu jioni, ukingo kwa ukingo, na mwenye nyumba, aliyelipa fedha nyingi kwa kila mita ya mraba, husimama barazani akaamini kwamba kazi imekwisha. Imani hiyo ni ghururi. Kijani kile ni akiba ya maji na chakula iliyosafiri ndani ya majani yenyewe, wala si dalili kwamba mmea umeshika makao. Sehemu kubwa ya mizizi yake ilibaki shambani kisu kilipopita, na kipande kilichofika nyumbani kimebeba udongo wa unene wa sentimita 2 au 3 tu, ambao jua la kaskazi huweza kuukausha kabla ya alasiri. Ukoka huo unaishi au unakufa kwa matendo ya majuma machache yajayo, na matendo hayo ndiyo niyatakayo kuyaeleza hapa kwa wasaa.

Hatari huanza hata kabla kipande cha kwanza hakijagusa ardhi. Vipande vilivyorundikwa juu ya kirikuu huendelea kuvuta pumzi, na pumzi hiyo huzaa joto lisilo na pa kutokea, hata ukoka uliolala siku mbili katika rundo, katika hali yetu ya hewa, hugeuka manjano na kutoa uvundo, na baada ya hapo hakuna maji yatakayoufufua. Kwa hiyo uliokatwa leo utandikwe leo, na kwa udhuru mkubwa usipite saa 24. Na ili hilo liwezekane ni sharti ardhi iwe tayari kabla gari halijaitwa. Utayari wenyewe hauna siri, ila una jasho. Ua wa nyumba mpya aghalabu umefukia kokoto, vipande vya matofali na saruji iliyomwagwa na mafundi, na kila palipofichwa takataka hizo ukoka utakauka kwa umbo lake, mwaka baada ya mwaka. Ziondolewe zote, udongo ulimwe kina cha sentimita 15, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, usawazishwe kwa reki, na uteremke kidogo kutoka ukutani, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, ili mvua ya masika isilale kwenye msingi wa nyumba. Ndago nayo ing'olewe pamoja na viazi vyake vilivyo chini, kwa kuwa gugu hilo hutoboa ukoka wowote uliotandikwa juu yake, na likishakuchipuka katikati ya majani mazuri huwa vigumu mno kulitoa bila ya kuyaharibu.

Vipande hutandikwa juu ya ardhi iliyoloweshwa tangu jana yake, vikibanana pasipo kupandana, na viungo vya safu moja visikabiliane na viungo vya safu ya pili. Nyufa zinazobaki hujazwa mchanga uliochanganywa na udongo laini, kisha uwanja wote hushindiliwa kwa pipa lenye maji kiasi linalobingirishwa juu yake, ili mizizi iguse ardhi na pasiwe na hewa katikati. Mzizi uliokutana na hewa badala ya udongo hunyauka kwa saa chache.

Sasa tuingie katika suala la maji, ambalo ndilo kiini cha jambo lote, na ambalo watu wengi hulikosea kwa njia mbili zinazopingana. Maji ya kwanza yamwagwe ndani ya nusu saa tangu vipande vilipolazwa, bila ya kungoja uwanja mzima umalizike, nayo yawe mengi, lita 15 hivi kwa kila mita ya mraba, hata udongo wa chini ulowe kina cha sentimita 10 au zaidi. Asiye na hakika na ainue pembe ya kipande kimoja atie kidole. Kama juu ni tope na chini ni vumbi, mpira urudishwe. Katika majuma mawili yanayofuata unyevu haupasi kukatika hata siku moja: maji hupigwa mapema asubuhi, tangu saa 12 hadi saa 2, na siku za jua kali lenye upepo hunyunyizwa tena kidogo wakati wa adhuhuri. Kingo zilizo karibu na ukuta, njia ya saruji au vigae zitazamwe kwa jicho la peke yake, kwa kuwa mawe hayo hukusanya joto mchana kutwa na kuzikausha kabla ya mahali pengine popote. Ukoka wenye kiu hutoa habari zake mapema kwa anayeutazama: rangi hufifia ikaelekea kijivu chenye ubuluu, na nyayo za aliyepita hubaki zimelala badala ya kuinuka. Ukiona hivyo, mwagilia saa ile ile.

Kisha huja siku ya kubadili mwendo, na hapo ndipo wengi wenye bidii hupotea kwa sababu ya bidii yao. Katika juma la pili au la tatu, shika majani ya kipande kimoja na ukivute taratibu. Kikikataa kuinuka, mizizi imeshika, na kuanzia hapo ukoka sharti ulikizwe kama mtoto aliyekua. Maji ya kila siku yaachwe hatua kwa hatua: kwanza kila baada ya siku moja, halafu mara mbili kwa juma, lakini kila mara kwa wingi unaozama chini, maana mzizi hufuata maji yaliko, na anayelowesha uso wa ardhi kila jioni huifundisha mizizi kukaa usoni, ambako siku bomba litakapokatika itakauka yote pamoja. Nimeona nyumba nyingi ambazo mtunza bustani hushika mpira kila magharibi, miezi na miaka, na bwana wake akadhani anahudumiwa vyema. Kumbe majani yanayolala na maji usiku kucha huvuta ukungu, na madoa ya mviringo ya rangi ya udongo huanza kuenea.

Katika muda huo wa kushika mizizi uwanja usikanyagwe. Viti vya wageni, turubai la sherehe na mpira wa watoto vingoje majuma matatu, na mbuzi wa jirani azuiwe kwa kila njia. Ukataji wa kwanza hufanywa baada ya mizizi kushika na udongo kukauka kiasi, kwa mashine au fyekeo lenye makali, kwani chuma butu huchana jani badala ya kulikata na huweza kung'oa kipande kizima; wala isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka wa kawaida huvumilia kukatwa hadi sentimita 3 au 4, lakini nyasi ya Pemba, yenye jani pana, iachwe na sentimita 6 au zaidi.

Tofauti hiyo ya tabia ingepasa kufikiriwa kabla ya kununua. Ukoka wa kawaida hutaka jua la saa 6 au zaidi kila siku, na chini ya mwembe mkubwa hukonda hata ukatoweka, ilhali nyasi ya Pemba huvumilia kivuli. Penye kisima cha maji ya chumvi, kama vilivyo visima vingi vya Dar es Salaam karibu na bahari, paspalamu ya pwani ndiyo istahimiliyo kuliko zote. Nyasi ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambayo leo imeenea hadi Afrika Kusini, Australia na California, hustawi sana katika baridi ya Nairobi na Arusha. Anayeileta Temeke anaitesa.

Mbolea isiharakishwe. Samadi iliyolimwa ndani hutosha kwa mwezi wa kwanza, na mbolea ya nitrojeni ingoje juma la nne au la sita, itiwe kidogo na kuoshwa kwa maji mara moja, kwa sababu urea ikilala juu ya jani bichi huliunguza. Baada ya mvua za kwanza kufuatia ukame, viwavijeshi huweza kushuka na kumaliza uwanja kwa siku chache. Atakayeuchungulia ukoka wake alfajiri atawaona wangali wachache.

Limebaki jambo moja ambalo muuzaji halisemi. Uwanja wa mita za mraba 50 hutaka lita 1,250 kwa juma ili upate kina cha milimita 25, na katika siku za mwanzo hutaka zaidi ya hapo. Na palipo na mgawo wa maji, ambapo jirani anabeba madumu kwa ajili ya kupikia, kumwaga kiasi hicho juu ya majani ni israfu isiyokubalika. Kwa nyumba ya namna hiyo rai yangu ni wazi: usinunue ukoka wa vipande. Chukua vikonyo vya ukoka, uvipande kwa mistari mvua za masika zinapoanza, umbali wa sentimita 15 hivi baina ya kimoja na kingine, uache mvua ifanye kazi yake. Utangoja miezi michache kuuona uwanja umefunika, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya vipande.