DBNEWID

DBNEWID ni programu ya usimamizi inayobadilisha jina la ndani la hifadhidata ya Oracle, namba yake ya utambulisho, au vyote viwili. Huendeshwa kwa amri ya nid.

Kabla ya programu hiyo, msimamizi aliweza kubadilisha jina kwa kuunda upya faili la udhibiti, lakini si namba. Hivyo hifadhidata iliyonakiliwa ilibaki na namba ya ile ya asili, na programu ya RMAN, inayotunza nakala za akiba, haikuweza kuzitofautisha.

Hifadhidata hufungwa vizuri kwanza, kisha huandaliwa bila kufunguliwa kwa watumiaji. Ili kubadilisha jina pekee huandikwa:

nid TARGET=SYS DBNAME=mauzo SETNAME=YES

Baadaye jina jipya huwekwa kwenye kigezo cha DB_NAME, na faili la nywila huundwa upya. Nakala za akiba za zamani huendelea kufaa.

SETNAME=YES ikiachwa, namba nayo hubadilika. Hapo nakala zote za awali hazitumiki tena. Hifadhidata hufunguliwa kwa RESETLOGS, na nakala mpya ya akiba inapaswa kuchukuliwa mara moja.