Je, Wajua Anayeishi Kwenye Mashina ya Kope Zako?

Je, wajua kwamba karibu kila mtu mzima ana utitiri usoni? Mdudu huyu ni Demodex, jamaa ya kupe na buibui. Ana miguu minane mifupi iliyosongamana karibu na kichwa, na mwili mwembamba usiofika nusu milimita, kwa hiyo bila hadubini huwezi kumwona. Daktari Mjerumani, Gustav Simon, alimweleza mwaka 1842 alipokuwa akichunguza chunusi. Mwaka uliofuata Mwingereza Richard Owen akampa jina.

Kwa binadamu wako wa aina mbili. Demodex folliculorum hujibanza kwenye vitundu vya nywele, kichwa kikielekea chini, hasa kwenye kope, pua na mashavu. Demodex brevis ni mfupi zaidi, naye huzama ndani ya tezi za mafuta. Usiku utitiri hawa hutoka kutafuta wenzi, wakitambaa milimita 8 hadi 16 kwa saa. Watu wengi hawadhuriki nao. Wakizidi, kingo za kope huwasha na kuwa nyekundu, na ukoko wa nta hulizunguka shina la ukope kama kola ya shati.

Kuwaua si kazi rahisi. Mwaka 2005 watafiti wa Miami, Marekani, akiwemo daktari wa macho Scheffer Tseng, walichapisha jaribio lao. Waling'oa kope za wagonjwa, wakaziweka juu ya kioo, wakadondoshea dawa mbalimbali, kisha wakatazama kwa hadubini mpaka miguu ya wadudu ilipoacha kucheza. Utitiri huu haukubali kufugwa maabara, ndiyo maana ilibidi watumie waliotoka mwilini muda huohuo. Ndani ya spiriti ya asilimia 75, povidoni-iodini ya asilimia 10 na shampuu ya watoto ya asilimia 50, wadudu waliishi zaidi ya dakika 150. Mafuta ya mbegu za kisibiti yaliwaua ndani ya dakika 15. Mafuta ya tea tree yaliwaua upesi zaidi.

Mafuta hayo hukamuliwa kwa mvuke kutoka majani ya Melaleuca alternifolia, mti wa Australia ambao sasa hulimwa pia nchini Kenya, karibu na Mlima Kenya. Yana viambato vingi vilivyochanganyika, kwa hiyo likabaki swali: kinachoua ni kipi? Mwaka 2013 Tseng na wenzake walivipima viambato 15, kimoja kimoja. Kilichoshinda vyote ni terpineni-4-oli, ambayo iliua hata ilipopunguzwa hadi asilimia 1.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya upimaji. Dawa ya mmea hustahili heshima ya kuchunguzwa kama dawa nyingine yoyote: ijulikane kinachofanya kazi, kwa kipimo gani, na kinamgusa nani mwingine zaidi ya mdudu. Kioo cha hadubini si jicho. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba terpineni-4-oli yenyewe yaweza kuua seli za tezi za kope, zilezile zinazoyapa machozi mafuta yake. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, haukupata uhakika kwamba matibabu ya mafuta haya kwa muda mfupi huwasaidia wagonjwa. Na dawa ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani mahususi kwa uvimbe wa kope unaoletwa na Demodex, mwezi Julai 2023, haikutoka kwenye mmea: ni matone ya lotilaneri, kemikali ambayo tayari ilikuwa ikitumika kuua viroboto na kupe wa mbwa.

Basi kope zikikuwasha, usijidondoshee mafuta ya chupani. Yakiwa makali huunguza jicho, na yakinywewa ni sumu. Nenda kwa daktari wa macho, umwombe azitazame kope zako kwa hadubini. Akiona ule ukoko kwenye mashina, atajua anapambana na nani.