Jando na Nyumba ya Mkristo

Wazazi hutuuliza: Je, Mkristo aweza kumpeleka mwanawe jandoni? Swali si jipya. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 15, twasoma jinsi wasio Wayahudi walivyoachwa bila kutwikwa tohara. Lakini Paulo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa mahali pale, na Tito hakumtahiri. Basi tohara yenyewe haiokoi wala haipotezi. Shauri ni namna itendwavyo.

Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa nchi ile tangu mwaka 1926, hakuwakataza Wakristo jando. Alilitwaa akalisafisha: mahali pa matambiko pakawekwa sala, na mafundisho machafu yakaondolewa. Twaona alitenda vema.

Lakini hata jando lenye sala laweza kuwa na dhambi. Wembe mmoja ukipita vijana kumi, huweza kuchukua UKIMWI kutoka damu ya huyu hata ya yule, na sala haiuoshi. Ni ajabu, maana tohara ya hospitali huwafaa vijana: mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliishauri katika nchi zenye ugonjwa huo mwingi, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya 60 katika 100. Hupunguza tu, wala haikomeshi, vijana wasidanganyike.

Na kupita wembe, twaichukia siri. Baba mmoja wa kanisa letu alitujia usiku. Mwanawe alikuwa kumbini siku ya tatu, ana homa, kidonda kinanuka, nao wazee wamesema asitolewe, wanawake wasije wakaona. Alitaka tumwombee tu. Twaungama kwamba nasi tulisita, maana tulikula kiapo kile kile utotoni, na mwenzetu mmoja hakurudi kwao, wala hatukumwambia mama yake neno. Ndipo tukamwambia: siri ya jando ni mafundisho, si kidonda. Tuliomba kwa ufupi, tukaazima baiskeli.

Mtoto alilala hospitali majuma mawili, akapona. Wazee wakamtoza babaye mbuzi kwa kulivunja kumbi. Alilipa.