Mwanga wa Akiba: Jinsi ya Kupiga Picha ya Nebula

Somo letu la leo linahusu picha za vitu vya mbinguni vilivyo mbali sana, ambavyo mwanga wake ni hafifu. Tutaona kwa nini mwenye darubini ndogo asikate tamaa.

Jioni ya mwezi wa Januari, tazama juu. Utaona nyota tatu zilizopangana katika mstari. Upande wa kusini wa hizo ziko nyota nyingine ndogo, na ile ya katikati huonekana kama kijimoshi cheupe. Hicho ni nebula ya Orioni, yaani wingu kubwa la gesi na vumbi ambamo nyota mpya huzaliwa. Mwanga wake husafiri miaka ipatayo 1,300 kabla ya kutufikia.

Macho yetu hayaweki akiba ya mwanga. Yakisha kuzoea giza, hata ukitazama saa nzima hutaona zaidi. Lakini kamera huweka akiba. Ni kama debe lililotegwa chini ya paa wakati wa manyunyu. Tone moja si kitu. Bali debe likikaa usiku kucha, asubuhi utapata maji ya kupikia.

Mtu wa kwanza kupiga picha ya nebula alikuwa Henry Draper wa Marekani. Alisomea udaktari, lakini alipenda mno kuchunguza nyota. Zamani picha zilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa mbichi, na dawa ikikauka kazi imekwisha. Muda wake ulikuwa dakika chache tu. Kisha vikapatikana vioo vya dawa kavu. Tarehe 30 Septemba 1880, Draper aliiacha kamera wazi kwa dakika 51, akaipata nebula ya Orioni. Hakuridhika. Mwezi wa Machi 1882 aliiacha wazi kwa dakika 137, na sehemu hafifu zilizokosekana katika picha ya kwanza zikajitokeza. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alifariki, akiwa na umri wa miaka 45. Njia aliyoionyesha ingali inafuatwa.

Siku hizi wapiga picha hawaiachi kamera wazi kwa muda mrefu mfululizo. Hupiga picha nyingi fupi, kisha kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine. Picha 12 za dakika 5 ni saa 1. Picha 48 ni saa 4.

Je, faida yake nini? Kila picha ina chengachenga, kama redio inavyokwaruza. Habari ikisomwa mara moja, mkwaruzo hufunika maneno fulani. Ikisomwa tena, hufunika maneno mengine. Ukiisikia mara nyingi, utaielewa yote. Hali kadhalika picha: nebula hubaki mahali pake, lakini chengachenga hubadilika kila mara, na zikichanganywa hufifia.

Shikeni kanuni hii: ukitaka picha iwe safi mara 2, ongeza muda mara 4. Aliyepiga saa 1 atahitaji saa 4. Akitaka mara 2 tena, saa 16. Si lazima zote ziwe za usiku mmoja. Anaweza kukusanya leo saa 3, na kesho saa 3, hata zitimie.

Lakini jihadharini na mambo matatu. Kwanza, mbingu huonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo darubini lazima izifuate nyota. La sivyo zitakuwa mistari. Pili, kila picha moja isizidi muda wake, maana katikati ya nebula ya Orioni pana mwanga mwingi, napo pataungua na kuwa peupe tupu. Tatu, epukeni taa za mji na mbalamwezi. Mahali penye giza, saa 1 yaweza kushinda saa nyingi za mjini.

Basi, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na mwanga nao ni hivyo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kamera inalishinda jicho kwa jambo gani?
2. Mtu amepiga picha kwa saa 2. Akitaka picha safi mara 2, atahitaji saa ngapi kwa jumla?
3. Kwa nini picha nyingi fupi ni bora kuliko moja ndefu?

Kwa herini, hadi somo lijalo.