Maktaba za Kericho na Bomet ziwafunze watu wazima kompyuta

KILA mwezi wa Juni unapoelekea ukingoni, vibanda vya saiba mjini Kericho, Litein, Sotik na Bomet hufurika watu. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru, na hata mwenye PIN asiye na mapato sharti awasilishe ritani ya sufuri, la sivyo atozwe faini ya Sh2,000. Mteja humtajia kijana wa saiba nambari yake ya PIN na neno lake la siri, hulipa, kisha huondoka na karatasi iliyochapishwa. Shughuli imekwisha, lakini mwenye shughuli hakugusa kibodi wala hakuona kilichojazwa. Wengi hawajui hata barua pepe iliyosajiliwa kwa majina yao. Mwaka ujao watarudi palepale, kwa sababu neno lao la siri limeandikwa katika daftari la mtu mwingine.

Ushuru ni sehemu ndogo tu ya mambo hayo. Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zake 5,000 zimewekwa katika jukwaa la eCitizen. Pasipoti na leseni ya udereva huombwa humo. Mtoto akimaliza kidato cha nne, kozi ya chuo kikuu huchaguliwa mtandaoni kupitia KUCCPS, na mkopo wa HELB huombwa kwa njia iyo hiyo. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA nayo imetaka kila Mkenya asajiliwe kidijitali. Asiyejua kutumia mtandao hulipa mara mbili: ada ya serikali, halafu ada ya kumtafuta wa kumjazia fomu.

Sensa ya 2019 ilionyesha ukubwa wa pengo hili. Miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 pekee walikuwa wakitumia intaneti, na wanaotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4. Mwaka huo Kericho ilikuwa na watu 901,777 na Bomet watu 875,689. Familia nyingi za kaunti hizi zinategemea chai, na chai yenyewe imeshaingia mtandaoni. Mnada wa chai ulioanzia Nairobi mwaka wa 1956 kabla ya kuhamia Mombasa sasa huendeshwa kwa kompyuta. Majani yaliyochunwa kwa mkono kule Konoin hupata bei yake kwa mnunuzi kubofya kitufe. Ni haki ya mkulima kuweza kuisoma bei hiyo mwenyewe, badala ya kusubiri uvumi wa bonasi kwenye kituo cha kununulia majani.

Mahali pa kumfunzia mkulima huyu papo tayari, napo ni maktaba ya umma. Kericho kuna tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na katika Kaunti ya Bomet kuna maktaba ya Silibwet. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Hivyo basi, mwananchi anapouliza nani atamfundisha, jibu lisitafutwe mbali. Mwenye jukumu ni gavana, pamoja na wawakilishi wadi wanaopitisha bajeti.

Maktaba ina faida ambayo saiba haiwezi kuwa nayo. Saiba huuza muda, na mteja anayesitasita huchelewesha foleni. Ni biashara halali na imewafaa wengi. Lakini si kazi yake kumngoja mama wa miaka 60 atafute herufi moja baada ya nyingine. Maktaba haina sababu ya kumharakisha. Inaweza kumpa kiti, kompyuta na mtu wa kukaa kando yake hadi aelewe.

Namna ya kukaa kando yake ndiyo inayoamua kama atajifunza. Kanuni ya kwanza ni kwamba kipanya kibaki mkononi mwa mwanafunzi. Mwalimu akikichukua, hata kwa nia njema, somo limekufa. Aonyeshe kwa kidole, aeleze kwa maneno, kisha angoje. Anayeanza hukwama mahali ambapo mzoefu alishasahau kwamba palikuwa na ugumu. Hubonyeza kitufe kwa muda mrefu, herufi moja ikajirudia mara kumi. Hubofya mara mbili, lakini polepole mno, na faili lisifunguke. Huitafuta alama ya @ bila kujua kwamba lazima ashikilie Shift kwanza. Neno lake la siri hukataliwa kwa sababu Caps Lock imewaka. Haya hayana uhusiano na akili. Ni mazoea ya vidole, na vidole vinavyoweza kuchagua majani mawili na chipukizi siku nzima bila kukosea haviwezi kushindwa na kibodi.

Kanuni ya pili ni kuanza na haja iliyomleta mtu. Mafunzo mengi huanza kwa kutaja sehemu za kompyuta, na wengi hukata tamaa mapema. Aliyekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto aanze na cheti hicho. Aliyetaka kujua bei ya mnada aanze na bei. Tena, mwanafunzi huyu hatoki katika giza. Ametumia M-Pesa tangu ilipoanza mwaka wa 2007. Anajua kwamba PIN ni siri, kwamba jina la mpokeaji hukaguliwa kabla ya kutuma, na kwamba ujumbe wa uthibitisho huhifadhiwa. Ujuzi huo ndio msingi wa barua pepe, neno la siri na malipo ya mtandaoni.

Kanuni ya tatu ni usalama. Kompyuta ya maktaba hutumiwa na wengi, kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kutoka kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka. Ajue kwamba tovuti nyingi za serikali ya Kenya huishia na .go.ke, na kwamba hakuna afisa wa kweli anayeomba neno la siri kwa simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki juu ya taarifa zake, ila haki hiyo haina nguvu ikiwa kila mlango wake uko wazi kwa mtu mwingine.

Ratiba nayo ifuate maisha ya huku. Asubuhi watu wako shambani, na majani hayangoji. Alasiri mvua inaponyesha, au Jumamosi, ndio wakati wa kuwapata. Maelezo yatolewe kwa Kikipsigis na pia kwa Kiswahili, kwa maana katika mashamba makubwa Mkipsigis, Mluo, Mkisii na Mluhya hufanya kazi bega kwa bega. Vijana wa Chuo Kikuu cha Kabianga na wa chuo cha Bomet wanaweza kujitolea, mradi wakumbuke kwamba wanayemfundisha ni mzee wao. Mtu mzima akichekwa mara moja, harudi.

Kwa walio mbali na mji, jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia. Shirika la Maendeleo Foundation lilianza kupeleka darasa la kompyuta vijijini kwa gari lenye paneli za sola. Gari la aina hiyo likizunguka Londiani, Kipkelion na Chepalungu litawafikia wengi wasio na nauli ya kwenda mjini.

Haraka ipo. Mei 2023 mashine za kuchuna chai ziliteketezwa Kericho na watu waliohofia kupoteza riziki. Hasira ile ilikuwa na chanzo cha kweli: mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mafunzo ya kompyuta hayatamrudishia kila mtu ajira, na anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini aliyeachishwa kazi akiweza kutafuta kibarua kingine, kudai malipo yake ya uzeeni na kuandika barua yake mwenyewe, hatakuwa amevuliwa kila kitu.

Mabunge ya kaunti za Kericho na Bomet yatenge fedha za kompyuta, intaneti na wakutubi waliofunzwa kuwasaidia wanaoanza. Nawe msomaji, mikutano ya umma ya bajeti inapoitishwa katika wadi yako, nenda. Barabara na maji vitatajwa na wengi. Simama uitaje maktaba.