Noma ya Baharini: Kwa Nini Ndege Ndogo Hupotea Ikiwa Karibu Kufika

Ukikaa Isiolo lazima ushaiona Caravan, ile ndege ndogo ya propela moja puani. Huku Kaskazini ni kama matatu ya hewani: inabeba watu, dawa na mizigo hadi mahali barabara ni stori tu. Sasa fikiria Caravan kama hiyo imezama baharini.

Ilitokea Komoro. Jumamosi, Februari 26, 2022, Caravan ya AB Aviation ilitoka Moroni kuelekea kisiwa cha Moheli. Ndani kulikuwa na watu 14: abiria 12 na marubani wawili Watanzania. Ilipotea kwa rada ikiwa kama kilomita 2.5 tu kutoka Djoiezi, huko Moheli. Hiyo ni nusu saa kwa mguu, wasee! Waliotoka kuitafuta walipata vipande vyake majini.

Kwa nini ni ngumu hivyo?

Moja, kifaa cha dharura. Ndege ikigonga, kifaa hiki hutuma mawimbi ya redio hadi satelaiti. Shida ni kwamba maji ya chumvi huyameza. Kikizama haraka, imeisha.

Mbili, blakiboksi. Ya ndege kubwa ikizama hutoa mlio chini ya maji kwa siku 30 au zaidi. Ndege za chini ya kilo 5,700 mara nyingi hazilazimishwi kuibeba. Bila mlio, wapiga mbizi wanabahatisha.

Tatu, mkondo. Kinachoelea hapa leo, kesho kiko mbali. Kipande cha bawa la MH370, iliyopotea 2014, kilikuja kupatikana Pemba mwaka 2016!

Hata ziwani si rahisi. Helikopta ilianguka Ziwa Nakuru Oktoba 2017, na maji ya hilo ziwa si marefu, lakini msako ulichukua wiki kadhaa.

Ndio maana masaa ya kwanza ndio kila kitu. Juni 2009, ndege ya Yemenia ilianguka karibu na Komoro ikiwa na watu 153. Aliyepona ni msichana mmoja tu, Bahia Bakari, aliyeshikilia kipande cha ndege kwa masaa mengi hadi boti ikamfikia.

Kwa familia, mwili usipopatikana hakuna kaburi. Unabaki ukiangalia simu tu, ukingoja.

Kwa hivyo siku ukipanda ndege ya kuvuka maji, jua laifjaketi yako iko wapi. Na usiijaze hewa ukiwa ndani, maji yakiingia itakubana kwa dari ushindwe kutoka.