Buleusa: Kuandikishwa udaktari si kazi, kazi ni kuvuka mwaka wa kwanza

Matokeo ya Exétat yakifika Buleusa, furaha ya wazazi wa mtoto aliyefaulu haidumu siku nyingi. Swali linafuata haraka: atasoma nini, na wapi? Vijana wengi waliosoma biolojia na kemia wana jibu moja: udaktari. Hapo ndipo baba anaanza kuhesabu mbuzi, mama anaangalia shamba la mihogo, na wajomba wanaitwa kuketi pamoja.

Buleusa iko Ikobo, katika sekta ya Wanianga, wilaya ya Walikale, karibu na mpaka wa Lubero. Hakuna fakilte ya udaktari hapo karibu. Anayeitaka anaifuata Butembo, Goma, Bukavu au Kisangani, na kila mji una njia yake, bei yake na hatari zake. Mchango wa jamaa ukipotea mara ya kwanza, si rahisi jamaa wachange tena.

Mchujo uko ndani ya nyumba

Diploma ya serikali hupatikana kuanzia asilimia 50, nayo ndiyo ufunguo wa kwanza. Vyuo vingine vinaongeza mtihani wa kuingia, au vinaangalia asilimia na masomo ambayo mtoto alifuata sekondari. Hata hivyo, katika vyuo vingi vya Congo, hasa vya binafsi, mwenye diploma na minerval mkononi hapati shida kubwa kuandikishwa.

Nchini Marekani mambo ni tofauti. Huko mwanafunzi husoma kwanza chuo, kwa kawaida miaka 4, ndipo aombe nafasi ya udaktari, na wengi hukatwa mlangoni. Congo inawapokea wengi, halafu mwaka wa kwanza unawachuja. Kemia, fizikia, biolojia ya seli na anatomia vinakuja pamoja, tena kwa Kifaransa, katika chumba chenye mamia ya wanafunzi. Tangu mfumo wa LMD ulipoanza nchini mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja unahesabiwa krediti 60. Anayekosa nyingi anarudia mwaka au anabadili fakilte.

Kwa hiyo swali la «mtoto atapokelewa?» halitoshi. Swali ambalo jamaa wanapaswa kuuliza kabla ya kuuza kitu ni hili: kati ya walioandikishwa mwaka wa kwanza, wangapi walipanda mwaka wa pili? Tuseme fakilte iliandikisha wanafunzi 300 na 90 wakapanda. Hapo ni watu 3 kati ya 10. Jibu hilo halipatikani kwenye tangazo la redio. Linapatikana kwa mwanafunzi aliye mwaka wa pili au wa tatu, na kwa kawaida kila kijiji kina angalau ndugu mmoja mjini anayeweza kumtafuta.

Kujipima bila kujidanganya

Asilimia ya Exétat peke yake haisemi yote. Maswali mengi ya kikao cha kawaida ni ya kuchagua jibu, na kuchagua jibu si sawa na kueleza kazi ya figo kwa maandishi. Mtoto mwenye asilimia 65 ambaye hajawahi kuona darubini anaweza kuteseka kuliko mwenye 58 aliyesoma shule yenye maabara na mwalimu wa kemia asiyekosa darasani. Shule nyingi za vijijini hazina maabara, na katika eneo hili vita vimewahi kuwafanya wanafunzi wakimbie katikati ya mwaka.

Kuna vipimo vitatu ambavyo mtoto anaweza kujifanyia nyumbani. Cha kwanza ni Kifaransa: asome kurasa mbili za kitabu cha biolojia, akifunge, kisha aandike alichoelewa. Cha pili ni kemia: arudie mazoezi ya darasa la tano na la sita bila kuangalia majibu. Cha tatu ni alama zake za shule za miaka miwili ya mwisho katika biolojia, kemia na fizikia. Vyote vitatu vikiwa dhaifu, asilimia nzuri ya Exétat isiwafanye wazazi wauze shamba. Kikiwa dhaifu kimoja tu, miezi kabla ya masomo kuanza inatosha kukirekebisha.

Miji minne, hesabu nne

Butembo ina Université Catholique du Graben, iliyoanzishwa mwaka 1989, yenye kliniki zake ambamo wanafunzi hufanyia staji. Kutoka Buleusa, njia inapanda kuelekea Miriki na Luofu na kuingia Lubero. Kwa jamaa wengi wa Ikobo, huko ndiko kuna ndugu wa kumlaza mtoto, na kitanda cha bure kinapunguza gharama kubwa.

Goma ina Université de Goma, ambayo ni ya serikali, na ULPGL, ya makanisa ya Kiprotestanti, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kuna pia hospitali kubwa, ikiwemo HEAL Africa. Lakini Kanyabayonga, iliyo kwenye barabara kuu ya kuelekea Goma, ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Juni 2024. Goma yenyewe ikafuata mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Benki za Goma zilifunga, uwanja wa ndege pia. Wazazi walijifunza kwamba minerval inaweza kuwa tayari nyumbani na bado ikakosa njia ya kumfikia mtoto.

Bukavu ina Université Catholique, Université Officielle na Université Evangélique en Afrique. Hii ya mwisho inafanya kazi na hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kisangani ina chuo kikuu cha serikali chenye kliniki zake, na barabara yake inapita Walikale-centre na Lubutu.

Popote jamaa watakapochagua, maswali mawili hayarukwi. Je, fakilte hiyo inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu? Bila diploma inayotambuliwa, mtu hawezi kuandikwa kwenye Ordre des Médecins, na asiyeandikwa hana ruhusa ya kufanya kazi ya udaktari. Na je, ina hospitali ya kweli kwa staji, yenye wagonjwa na madaktari wanaofundisha? Jina kubwa kwenye kibao cha chuo halifundishi kushona kidonda.

Hesabu ya mwaka wa nane

Masomo ya udaktari huchukua karibu miaka 7, lakini anayerudia mwaka mmoja anafika 8. Hesabu ya jamaa ianzie hapo. Iwe na minerval, chumba, chakula, nakala za masomo, koti jeupe na safari, na pesa za dharura barabara ikifungwa. Jamaa wenye uwezo wa miaka 3 tu wakubali ukweli huo mapema, kabla mtoto hajakwama njiani.

Uuguzi na maabara katika ISTM ni njia fupi zaidi, na hazina aibu yoyote. Katika vijiji vya Walikale, mgonjwa akifika kituo cha afya usiku, kwa kawaida anayemfungulia mlango ni muuguzi. Wako pia wanaoanza na uuguzi, wakafanya kazi, wakaweka akiba, kisha wakaingia udaktari wakiwa wameshazoea wadi.

Mukwege mwenyewe hakusomea udaktari nyumbani. Aliusomea Bujumbura, akamaliza mwaka 1983, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, milimani Kivu ya Kusini. Huko ndiko alikoona wanawake wakifia kwenye uzazi, akaamua kwenda Ufaransa kujifunza kuwatibu. Jamaa wanaoketi Buleusa mwaka huu wanaweza kuanza na swali kama hilo: mtoto anataka kumtibu nani? Kisha watafute chuo kitakachomfikisha huko, na wahesabu mbuzi mwishoni.